Bamia Nzima kwenye Sahani ya Dalvina

Tangu alfajiri Nivalda alikuwa jikoni na rundo la bamia, na roho yake ilikuwa juu. Kazi haikumtisha. Kila Septemba tangu apone alipika karuru, mchuzi mzito wa bamia wa kuwashukuru watakatifu mapacha, Kosme na Damiani, na mikono yake iliijua njia: bamia, mafuta ya mawese, kamba wakavu, korosho, karanga. Kilichomtisha ni dada yake. Dalvina alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba leo, mbele ya wageni, ataliomba paa.

Paa lenyewe ni zege tupu juu ya nyumba ya Nivalda. Huku mlimani Salvador, jimbo la Bahia, Brazili, viwanja vimekwisha, kwa hiyo mtoto akitaka kwake anajenga juu ya nyumba ya mzazi wake. Jussara, binti wa Nivalda, ana harusi Desemba na matofali ameshayapandisha. Dalvina naye anataka mwanawe Genivaldo ajenge hapohapo. Na Dalvina ndiye aliyempa Nivalda figo.

Sasa mtu aliyekupa figo unamwambiaje hapana? Nivalda hakuwahi kuweza. Dalvina alipolisifia jokofu, jokofu lilihamia kwake. Aliposema televisheni yake ina chenga, ya Nivalda ikashuka ngazi wiki ileile.

"Mama, leo utasema?" Jussara aliuliza.

"Nitasema."

"Mwaka jana pia ulisema utasema."

"Koroga chungu, mdomo uupumzishe."

Mwishoni kabisa Nivalda alidondosha bamia moja nzima ndani ya chungu. Atakayeikuta kwenye sahani yake, karuru ya mwakani ni kwake, apende asipende. Ndivyo watu wa Bahia walivyo, hata shukrani wana namna ya kuisukuma nyumba ya pili.

Mchana, kama ilivyo desturi, wavulana saba wa mtaa walikula kwanza, kwa mikono, kutoka beseni moja sakafuni. Ndipo wakubwa wakapakuliwa. Dalvina alikaa kichwani pa meza, na kama kawaida yake hakusubiri kuombwa.

"Daktari akaniuliza, mama, una uhakika? Nikamwambia, kata!"

Bi Zulmira, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akiifuatisha hadithi kwa midomo, neno kwa neno, bila sauti. Watu walijifanya hawamwoni.

Ghafla Dalvina akaacha kutafuna. Nivalda, aliyesimama na upawa, aliona kila kitu: bamia nzima, nono, imelala kwenye kijiko cha dada yake. Dalvina akaangaza kushoto na kulia, akaifunika kwa mfupa wa kuku, kisha akaipenyeza ndani ya kitambaa cha mkono. Akajifuta mdomo kama mtu asiye na neno.

"Haya, Nivalda," alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Tuongee habari ya paa."

Vijiko vilisimama. Jussara akamkazia mama yake macho.

Nivalda alihisi ulimi unamwasha. Angesema tu, dada, kwanza tuonyeshe kilichomo kwenye kitambaa, na mtaa ungecheka mpaka Krismasi. Paa lingebaki kwake bila jasho. Lakini Dalvina alikuwa amekibana kile kitambaa mapajani kwa mikono miwili, kama mtoto aliyeiba.

"Njoo jikoni, dada."

"Sema hapahapa."

"Jikoni. Na kitambaa chako njoo nacho."

Dalvina alimfuata, uso umemshuka. Mlango ulipofungwa Nivalda alimgeukia.

"Nimeiona. Ulitoa figo, leo unaogopa kupika bamia?"

"Nani atakuja?"

"Nini?"

"Nakuuliza wewe. Nikipika mimi, nani atakuja kwangu? Hapa wanakuja kwa ajili yako. Mimi wananikalisha mbele kwa ajili ya figo. Nikinyamaza kuhusu figo, nani ananiita?"

Nivalda alikuwa na hasira tele, lakini aibu ikaipita. Tangu atoke hospitali hakuwahi kwenda kwa Dalvina mikono mitupu, na hakuwahi kukaa. Alikuwa anafikisha kitu, anashukuru mlangoni, anaondoka mbio. Vyote vile alivitoa ili aachwe. Alikuwa anamkimbia dada yake.

Akapiga moyo konde.

"Paa ni la Jussara. Sikupi."

"Ndiyo malipo yangu hayo?"

"Silipi, dada. Figo hailipiki, nilikuwa mjinga kujaribu. Kila nikienda chooni nakushukuru, Mungu ananiona, na nitakushukuru mpaka nife. Lakini paa hapana. Mwakani nitakuja kwako alfajiri nikate bamia. Nakuja mikono mitupu, na nitakaa mpaka unifukuze."

Dalvina alifungua mlango akatoka. Nivalda akabaki ameshikilia meza ya jikoni. Sasa anakwenda kuniumbua mbele za watu, aliwaza. Akajikokota kumfuata.

Dalvina alikuwa amesimama kichwani pa meza. Polepole akakifungua kitambaa, akainyanyua bamia juu watu wote waione.

"Mwakani kwangu! Atakayechelewa atalamba sufuria."

Nyumba ililipuka kwa makofi. Bi Zulmira peke yake ndiye hakupiga.

"Na paa je?"

"Paa gani? Kula, Zulmira, chakula kinapoa."

Akaitia bamia mdomoni, akaitafuna na kuimeza. Jussara alijificha nyuma ya jokofu kuukuu walilonunua badala ya lile la kwanza, akalia kwa furaha.

Baadaye kidogo alifika mama yake mchumba wa Jussara, aliyekuwa hajawahi kuingia nyumba ile. Aliwasalimia watu mmoja mmoja, akamfikia Dalvina kichwani pa meza.

"Na wewe mwenzangu, ni nani?"

Watu wakamgeukia Dalvina. Bi Zulmira alikuwa ameshaifungua midomo yake tayari kuifuatisha hadithi ya figo.

"Mimi ni dada yake Nivalda," alisema Dalvina, akamvutia kiti. "Kaa ule."