Kumi Kasoro Mmoja

Mvua ilikuwa ikichapa dirisha Attracta Loftus alipomsogezea Nuala kitabu. Chumba chenyewe kilikuwa stoo: meza moja imebanwa kati ya tangi la maji moto na masanduku ya mavazi ya igizo la Krismasi. Mwaka wa sita huu, humo ndimo Mwalimu Attracta alimowafundisha kusoma watoto waliopigwa chenga na herufi.

Nuala Gaughan, mwenye miaka tisa, alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Septemba hakuweza hata kusoma jina lake kwenye koti.

Furaha ilimpanda mwalimu, na wasiwasi ukafuata. Kanuni ya wizara ilikuwa wazi: shule yenye wasomaji dhaifu kumi hupewa mwalimu wao maalumu; wakipungua, hunyang'anywa. Nuala alikuwa wa kumi, na mkaguzi angefika saa tano kumpima.

Mwalimu Mkuu, Malachy Heraty, alichungulia na kikombe cha chai mkononi.

"Attracta, kuna kile kitabu cha mabaharia. Maneno marefu kama treni. Mpe hicho."

"Ili ashindwe?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kitabu kizuri."

Akaenda zake. Nuala aliinamia meza, akanong'ona, "Mwalimu, naweza kujikwaa. Najua kujikwaa vizuri sana. Cathal na wenzangu wengine wabaki na wewe."

Lilikuwa jambo rahisi, na watoto tisa wangepona. Lakini mbele ya Attracta alikaa mtoto aliyelia machozi juu ya kila herufi tangu vuli.

"Umehangaika miezi minane ili usome," alisema. "Basi leo soma. Hayo mengine tuachie wakubwa."

Bwana Tuohy, mkaguzi, aliingia na koti linalochuruzika maji, akatoa saa yake ya kupimia. "Dakika moja tu, binti."

Nuala akasoma hadithi ya punda aliyetumbukia mtoni. Dakika iliisha punda akiwa bado anasombwa na mto, naye hakumwacha huko. Alisoma mpaka akamfikisha ng'ambo. Bwana Tuohy hakumkatiza.

"Hongera, Mwalimu. Kazi safi." Akatia alama kwenye fomu. "Basi nafasi inafungwa Ijumaa. Wewe unarudi darasa la pili."

"Na wale tisa?"

"Hawatoshi."

"Kwa hiyo ningefundisha vibaya, ningebaki."

Bwana Tuohy alifunga kalamu. "Fomu haina mahali pa kuandika hilo, Mwalimu. Na kanuni sikuitunga mimi."

Mchana, wakati wa chakula, Attracta alishangaa kwamba hakuwa na majuto. Alipaka siagi kipande cha mkate, akamgeukia Heraty.

"Hivi, kipindi cha dini kinakaguliwa na nani?"

"Watu wa askofu. Wizara haikigusi."

"Na askofu atakuwa na neno nikiwasomesha watoto Injili?"

Heraty alitafuna taratibu, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Wasomeshe, dada. Nitakuletea wote tisa."

Ilikuwa nusu saa tu kwa siku, badala ya zile saa mbili za zamani. Hata hivyo, Jumatatu wale tisa walijipanga kwenye madawati ya nyuma ya darasa la pili, magoti yakigonga mbao, wakafungua habari za Zakayo. Cathal Moran alikuwa amefika juu ya mti pamoja na yule mtu mfupi, kidole chini ya neno, jasho puani, mlango ulipofunguliwa. Alikuwa Bwana Tuohy, na karatasi za kufunga nafasi.

Aliwatazama mmoja mmoja. Midomo yake ilionekana kuhesabu.

"Mnasoma, Mwalimu?"

"Tuko kwenye dini, Bwana Tuohy."

Cathal hakuinua macho. "Mwalimu, niendelee? Nikiondoa kidole nitapotea."

Mkaguzi alisimama kidogo, karatasi mkononi. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaufunga mlango polepole.

"Endelea, baba," alisema Attracta.

"A-ka-shu-ka," akasoma Cathal, "u-pe-si."