Kati ya Maji na Mkate

Manyoya ya bata yanaelea kwenye mwanga wa saa sita, mepesi, meupe, hayataki kutua. Kiwandani huku Winnipeg, wanakoshona makoti ya baridi, manyoya yanakufuata hadi bwalo la chakula. Rena huyatazama. Rena hutazama kila kitu. Leo ni yeye anayetazamwa.

Majuma matatu amenawa kabla ya mkate, kwa desturi ya Kiyahudi, nyumbani, mlango kaufunga, pazia kalishusha. Leo kajiambia: hapa, mbele za watu. Kopo la maji kwenye sinki la bwalo, mara mbili mkono wa kuume, mara mbili wa kushoto. Dua ya chini chini. Na tangu hapo, neno halitoki mpaka mkate uonjwe.

Ndipo akakumbuka. Mkate kauacha mezani, kule mwisho, ng'ambo ya wanawake arobaini.

Maji yamepita, mkate uko mbali.

"Rena, kopo la nini hilo pale sinkini? Umeanza uganga?"

Vicheko. Anapita.

"Mwacheni, kapandishwa cheo, hasalimii tena."

Anapita. Maji yamepita, mkate uko mbali.

Marivic anamshika kiwiko. Marivic wa mashine ya pili, anayegawana naye kila bakuli.

"Nimekukosea nini?"

Rena anatikisa kichwa.

"Basi sema. Sema tu hujaninunia."

Ulimi unamwasha. Neno moja, na rafiki amepona. Lakini akisema, itambidi arudi kwenye sinki aanze upya. Na anavyojijua, hatarudi. Si leo, si mwakani.

Hasemi.

Mkono wa Marivic unamwachia, polepole, kidole baada ya kidole.

"Hajakununia, Marivic." Ni Larry, fundi wa mashine, mzee wa mizaha, miaka ishirini na sita hajanyamaza humu ndani. "Akishanawa hasemi mpaka ale mkate. Ndiyo dini yetu."

Yetu. Vijiko vinasimama.

"Yenu na nani, Larry? Si wewe unayevaa ndevu za pamba za Baba Krismasi kila mwaka?"

"Ndevu nilivaa," anasema. "Jina langu la kuzaliwa ni Lazar."

Rena ameufikia mkate. Anaubariki, safari hii kwa sauti, na sauti inafika hadi dirishani.

"Amina," anaitikia Lazar.

Rena anamega, anatafuna, anameza.

"Marivic," anasema, "kaa nami."

Marivic anakaa, bado kavuta mdomo. Lakini Lazar amesimama. Anakunja mikono ya shati, anakwenda kwenye sinki, analichukua kopo. Maji yanateremka juu ya vidole vyenye makovu, na unyoya mmoja unateremka nayo, na safari hii unatua.

"Larry, nawe umerogwa?"

Hajibu.

"Jamani, Larry kaishiwa maneno."

Hajibu. Anakuja katikati ya meza zote, midomo kaifumba, macho yamelowa, na Rena anamsogezea mkate.