Shoo Moja, Kitale na Bungoma

Kila Jumapili baada ya kanisa, mashabiki wa Masafa Band hukutana katika hoteli ya Mukami pale Kiminini, na kabla chai haijapoa huwa wameshakosana. Wanaotoka upande wa Kitale hukaa karibu na dirisha. Wanaotoka upande wa Bungoma hukaa karibu na jiko, wakilalamikia moshi, lakini hawahami. Siku moja Mukami aliwaunganishia meza ili waongee kama watu wazima. Wakazitenganisha wenyewe, kila upande ukavuta ya kwake.

Wanachogombania ni shoo ya Agosti mwaka jana. Wa Kitale wanasema ilipigwa Kitale, kwenye uwanja wa zamani wa mnada, Jumamosi alasiri. Wa Bungoma wanasema ilipigwa Bungoma, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kinu cha mahindi, Jumamosi hiyohiyo, alasiri hiyohiyo. Wote wanasema kweli. Wana picha kwenye simu, na Jelagat wa Kitale ana kidole cha mguu kilichokanyagwa siku ile na hakijanyooka mpaka leo. Bendi ilikuwa ileile: Kipkosgei kwenye gita, mzee Simiyu kwenye litungu, kile kinubi cha Kibukusu, na yule mpiga ngoma wa Endebess ambaye hacheki. Mtu mmoja alimwendea Kipkosgei akamwuliza alikuwa wapi hasa. Kipkosgei akajibu kwamba yeye akipiga gita hufumba macho.

Masafa si bendi ya kuanza wimbo na kuumaliza. Wakiushika wanaunyoosha, wanaukunja, wanaupeleka walikotaka kwenda na walikokuwa hawajui, na hawajawahi kuupiga vilevile mara mbili. Ndiyo maana shabiki wao hawezi kutosheka na rekodi, lazima awepo. Siku ile walipiga wimbo mmoja, ule wa barabara ya Chwele, kuanzia jua likiwa juu mpaka ng'ombe wakawa wanarudi nyumbani. Kitale, uzi wa litungu ulikatika, na mzee Simiyu akaendelea na nyuzi zilizobaki kana kwamba ule uliokatika ndio uliokuwa ukimzuia. Bungoma, uzi haukukatika. Huko ni gita lililonyamaza, watu wakabaki wakiimba peke yao, na wengine walilia bila kujua walichokuwa wakililia. Kila upande unauonea wivu upande mwingine, na hakuna anayekubali kuliita jambo hilo wivu.

Nanyama si shabiki. Yeye ni fundi cherehani, na muziki anaoujua ni wa kwaya. Hukaa katikati, kati ya meza ya dirishani na meza ya jikoni, kwa sababu pande zote mbili zilimwona mume wake.

Mume wake, Festus Wamalwa, alikuwa seremala. Asubuhi ya Jumamosi ile alivaa shati la kitenge aliloshonewa na Nanyama mwenyewe, lenye tundu moja la kifungo lililokwenda upande kwa sababu umeme ulipotea akilishona. Alimwambia mkewe kwamba anaenda Kitale kuiona bendi. Nanyama alisimama mlangoni akamtazama akishuka mpaka barabarani. Pale Kiminini magari ya Kitale hupandiwa upande huu, na ya Webuye na Bungoma hupandiwa ng'ambo. Lori la miwa likapita polepole kati yao. Lilipomaliza kupita Festus hakuwapo, na Nanyama hakuona ajabu, maana mtu akifika stejini huondoka.

Usingizi wa jioni ulikuwa haujamchukua mtoto wao Nekesa wakati simu ilipolia kutoka Kitale. Ni Kiplagat, mfugaji wa Endebess, shabiki wa Masafa tangu bendi hiyo haijawa na spika. Alisema kwamba baunsa wa mlangoni, yule mwenye koti jekundu, alimpiga Festus rungu kisogoni, na Festus akaanguka na hakuinuka. Kiplagat ndiye aliyembeba. Alisema pole mara nyingi, kisha akasema na yeye hajui anaongea nini.

Walimzika Alhamisi, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nanyama alilitambua shati kabla ya kuutambua uso. Alipitisha kidole kwenye tundu la kifungo, likawa limekwenda upande.

Baada ya mazishi alikwenda kituo cha polisi kuuliza aliyempiga mumewe atashtakiwa lini. Ofisa aliyempokea alikuwa mtu mpole, na alimpa kiti. Alimweleza kwamba jambo hilo lina utata kidogo. Promota wa shoo, bwana Munene, alikuwa ameleta mashahidi kutoka Bungoma, watu wazima wenye akili zao, pamoja na video ndani ya simu. Katika video hiyo Festus Wamalwa alionekana waziwazi akicheza, mikono juu, shati la kitenge limelowa jasho, jua likiwa linashuka, yaani wakati ambapo kule Kitale alikuwa tayari amelazwa kwenye nyasi na kufunikwa leso.

"Mama, mimi siwezi kufungulia mtu mzima faili ya kifo," ofisa akasema. "Huyu anacheza. Nikipeleka hii kwa korti, hakimu ataniuliza nimekunywa nini."

Nanyama akamwuliza, na yule aliyezikwa? Ofisa akasema yeye hakatai kwamba huyo amezikwa.

Ndipo Nanyama akaanza kwenda kwa Mukami siku za Jumapili. Watu wa Kitale walimweleza rungu. Watu wa Bungoma walimweleza dansi. Nabwile, mwalimu wa chekechea anayekaa karibu na jiko, alikuwa amecheza hatua chache tu kutoka kwa Festus, na alisita sana kabla ya kusema neno lililobaki.

"Mimi nirimuona na macho yangu, mama Nekesa," alisema. "Arikuwa na mwanamke. Anaitwa Phelista, anauza vitanda hapo Bungoma. Usiniurize ringine."

Nanyama alirudi nyumbani akashona sare ya shule, akaifumua, akaishona tena. Hakujua kama alikuwa mjane aliyedanganywa au mke aliyefiwa, na kichwa kilimuuma kwa kutafuta. Asubuhi alifunga cherehani, akavuka barabara, akapanda gari la Bungoma.

Alimkuta Festus kwenye veranda ya duka la Phelista, anapiga randa ubao wa kitanda. Alikuwa amenenepa kidogo. Phelista alimwona mgeni, akajua ni nani, akaingia ndani kuchemsha chai na akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyotaka.

"Mama Nekesa, karibu," Festus akasema, akapangusa kiti kwa mkono. "Nilikuwa nakuja."

"Ulikuja lini?"

"Siku ya mazishi. Nilifika mpaka kwa miti. Nikapata pasta ako katikati ya kunisifu, na watu wametulia, wengine wanalia. Nikaona si vizuri kukatiza."

Alisema alisimama nyuma ya hema, akapewa sahani ya wali na nyama na mama mmoja ambaye hakuinua macho, akala, akasubiri nafasi ya kusema kwamba yupo. Nafasi haikupatikana. Kwaya iliimba, kisha shemeji zake wakaanza kufukia, na kila alivyozidi kungoja ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kujitokeza. Mwisho alirudi Bungoma. Nanyama alilishika shati lake kwa mbele, akatafuta tundu la kifungo, na lilikuwa limekwenda upande. Alikuwa mume wake, huyuhuyu. Furaha ilimjia na hasira ikaja pamoja nayo, na hakuliachia shati mpaka Phelista akatoka na chai.

Hakumwuliza habari ya Phelista. Alimwomba jambo moja: waende wote kituoni, aseme ukweli kuhusu yule mwingine. Festus alifikiri sana. Alisema angependa kusaidia, lakini yeye hakupigwa na mtu yeyote. Shoo ya Bungoma ilikuwa ya amani kabisa, hata watoto walikuwapo. Hata hivyo alichukua koti, akamwambia Phelista kitanda kinasubiri msasa tu, wakaondoka.

Ofisa aliwapokea vizuri, akaongeza kiti cha pili. Alizunguka nyuma ya Festus, akabonyeza kisogo kwa vidole viwili.

"Inauma?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Hapana, afande."

"Basi," ofisa akasema, akarudi mezani pake. Nanyama alimwambia kwamba mtu anayeuliziwa ni yule aliye chini ya udongo, na kwamba Kiplagat yuko tayari kuja kueleza, na Jelagat pia. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampa mkono wa heri. Alisema wanawake wengi huja pale kwa jambo kama hilo na hurudi nyumbani peke yao.

Wakarudi Kiminini pamoja. Nekesa alimkimbilia baba yake bila kuuliza chochote, watoto hawana shida na mambo haya. Majirani walimwambia Nanyama ashukuru Mungu, na pasta alitoa tangazo fupi baada ya sadaka. Bwana Munene alifika na gari lake, unga na sukari nyuma, akamkumbatia Festus kama ndugu aliyepotea na kupiga naye picha wakiwa wametabasamu. Jioni Festus alichukua jembe akaenda kupalilia kaburi, kwa sababu magugu yalikuwa yameanza kulificha. Alifanya kazi nzuri. Alipomaliza aliuliza kama msalaba ni wake yeye kuutengeneza au kuna mtu mwingine ameshapewa, akautengeneza, wa mvule, akauandika jina lake kwa patasi.

Nanyama alimpikia, akamfulia, akalala naye kitanda kimoja. Hakuwa mume mbaya. Ila asubuhi alipokwenda migombani kukata majani ya kufunikia ndizi, alijikuta anamlilia mtu ambaye alikuwa anamsikia akikohoa ndani ya nyumba, na hilo lilimwaibisha, akafuta macho kwa kiwiko kabla hajaingia.

Jumapili moja Festus alisema angependa kwenda naye kwa Mukami. Mashabiki walimpokea kwa heshima, wakabishana kidogo akae upande gani, akakaa katikati na mkewe. Wa Bungoma walimkumbusha jinsi gita lilivyonyamaza. Akakumbuka, akafumba macho, akaimba kipande. Wa Kitale wakaona wameshindwa, na Jelagat akasema kwa uchungu kwamba basi wao wamebaki na nini, uzi uliokatika na mtu aliyekufa.

Festus alimgeukia Kiplagat. Alitaka kujua alikuwaje kule Kitale, maana hajawahi kuelezwa. Je, alicheza? Alijipenyeza mpaka mbele? Kwa nini alipigwa, alikuwa anaingia bila tiketi?

Kiplagat aliweka kikombe. Alisema wala hakuna aliyemwuliza hilo tangu siku ile. Kila mtu huuliza wimbo.

"Haukuwa unaingia," alisema. "Ulikuwa unatoka. Wimbo ulikuwa bado katikati, hata uzi haujakatika. Ukaambia baunsa akufungulie, ati mtoto ako na homa nyumbani, unataka kupitia duka la dawa. Yeye akasema akifungua, watu wa nje wataingia. Ukamwomba. Ukamwomba tena. Ndio akainua rungu."

Festus alikunja uso akitafuta.

"Kwani Nekesa alikuwa mgonjwa?"

"Ulimshika paji la uso asubuhi," Nanyama akasema. "Ukasema ni moto. Hiyo ni kabla ya lori kupita."

Festus alifikiri kwa uaminifu, kila mtu aliona kwamba anafikiri. Akasema huenda. Alisema siku ile ilikuwa na mambo mengi.

Mukami akapita akijaza vikombe. Mtu wa jikoni akauliza kama wenzao wamesikia kwamba Munene ameshatangaza shoo ya mwaka huu, Kitale, uwanja uleule, na kwamba wale mabaunsa wameanza kuweka uzio. Wa dirishani wakasema wamesikia, na kwamba mzee Simiyu ameweka nyuzi mpya. Festus akauliza kama kuna tiketi. Wakaanza kuhesabu watakaokwenda, na Kiplagat, ambaye bado alikuwa akimtazama Nanyama, akainua mkono akahesabiwa naye.

Nanyama alikunywa chai yake, ilikuwa imepoa. Kisha aliwaaga, akamwacha mumewe aongee na wenzake, akarudi nyumbani, mpaka migombani, kumwambia mumewe kwamba homa ilishuka siku ileile, usiku, bila dawa.