Kiapo cha Pribislav Ukingoni mwa Drava

Walimvua mume wangu viatu na mkanda mbele ya kijiji kizima. Kwetu anayeapia ardhi husimama peku, bila mkanda, bonge la udongo juu ya kichwa.

Mto Drava ndio mpaka wa kaunti yetu na ile ya Wahungari. Mafuriko ya mwaka ule yaliuhamisha mkondo, malisho yetu yakajikuta ng'ambo. Bwana wa ngome ya huko akadai ni yake tangu enzi za babu zake, ila alihitaji mtu wa kwetu aape hivyo mbele ya hakimu. Akampata Pribislav wangu, kwa ahadi ya kazi ya kulinda lango.

Dobrila, wifi yangu, ndiyo kwanza alikuwa anayasikia hayo.

"Kaka, umekunywa nini leo?"

"Nyamaza. Haya ni mambo ya wanaume."

"Mtaro wa malisho yale aliuchimba nani? Si baba, mpaka mgongo ukapinda? Na wewe umelala kwenye nyasi, mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akakunja uso. "Mwanamke hatoi ushahidi hapa."

"Sitoi ushahidi, mheshimiwa. Naongea na ndugu yangu."

Pribislav akainua bonge hadi kichwani. "Kwa udongo huu ulio juu yangu..."

Hakumaliza. Dobrila alilipiga bonge kofi, likampasukia usoni.

Mungu anisamehe, nilicheka. Kisha hasira ikanipanda hadi masikio yakavuma. Wiki nzima Pribislav alikuwa akilala ubavuni pangu, analijua hili!

"Kiapo kimevunjika," hakimu akasema. "Nani mwingine ataapa?"

Mzee Vukmir, jirani yetu, akatema mate chini. Hakimu akapanda farasi, akaondoka bila kuandika neno.

Bwana yule hakungoja maandishi. Alhamisi iliyofuata ng'ombe wake walikuwa wanatafuna nyasi zetu. Tulivuka wanawake kumi na mmoja, maji kiunoni, mikononi fimbo za kupuria ngano.

"Wifi, unaogopa?" Dobrila aliniuliza.

"Nimekasirika mno, nafasi ya woga sina."

Tuliwachapa ng'ombe, tukawachapa na wachungaji wao, tukawafukuza hadi kwenye kuta za ngome. Pribislav alikuwa amebaki ukingo wa kwetu, anatutazama. Hakuna aliyemwita.