Kaa Kwanza, Mama

Fundi cherehani aliinama, akapitisha vidole kwenye mshono wa godoro. Mshono ulikuwa mzuri, wa uzi mara mbili, na ndani hakukuwa na kitu ila sifongo. Hata hivyo hakulikalia.

"Kaa, mama," mwalimu wa mazoezi alimwambia. "Leo hakuna kazi. Ni kupumzika tu."

Upole ule ndio uliomtia mashaka. Maafisa waliomletea habari za mumewe nao walianza hivyo hivyo, wakamsihi akae kwanza, wakasema naye kwa sauti laini mpaka akaelewa kwamba hana mume tena. Tangu hapo, mtu wa jeshi akimpa kiti, machale humcheza.

Na sasa jeshi lilikuwa limewaita askari na jamaa zao kwenye bwalo la kambi, meza zimeondolewa, eti walale chini, wafumbe macho, wasikilize pumzi zao. Wanatulainisha kwa lipi? alijiuliza.

Sababu alikuwa nayo. Mwanawe alirudi kutoka vitani amekonda, usingizi umemhama, na suruali zake zote fundi alikwisha kuzipunguza kiuno. Halafu juzi kijana akamletea sare mpya nayo aipunguze. Mtu aliye likizoni, sare mpya ya nini? Kijana alisema kila askari kapewa, akabadili mazungumzo. Mkewe, alipodadisiwa, alisema hajui, akazidi kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

Basi fundi akaegemea ukuta karibu na mlango, mkoba kwapani, macho kodo.

Mwalimu akaanza kusema polepole. Sajini mmoja mnene alikoroma kabla hata ya kuambiwa alegeze mabega, wake za askari wakabana vicheko. Fundi hakucheka. Alimwangalia mwanawe, aliyekuwa amelala chali, ngumi zimekazwa, akishtuka kila kiti kilipolia. Mwalimu alipomwinamia, fundi alipiga hatua mbele. Kumbe alikuwa anamfunika miguu tu.

Muda ukapita. Ngumi moja ikafunguka, kisha ya pili. Mdomo ukaachama kama wa mtoto. Usiku kucha, nyumbani, fundi humsikia akitembea upande wa pili wa ukuta; sasa alikuwa amelala fofofo mchana kweupe. Mkewe naye alikuwa amelala, shavu juu ya mkono wa mumewe. Fundi hakuwahi kufikiri kwamba binti yule naye alikuwa anakesha.

Mwalimu alipomfikia, fundi alimnong'oneza, "Niambie ukweli. Wanampeleka tena vitani lini?"

"Sijui, mama. Sikuambiwa kitu. Mume wangu mwenyewe yuko huko, na sijui anarudi lini."

Fundi alimtazama kama anavyomtazama mteja anayeapa kwamba hajanenepa. Hakuamini yote. Lakini macho ya yule mwanamke yalikuwa mekundu.

"Na wewe hulali," akamwambia.



Ndipo basi la kuwarudisha nyumbani likaunguruma nje, likapiga honi. Kope za kijana zikacheza. Kabla ya honi ya pili fundi alikuwa keshatoka, amesimama chini ya dirisha la dereva.

"Zima."

Dereva alieleza kwamba saa imefika na yeye ameamriwa.

"Waliokuamuru waje kwangu mimi. Zima injini, mwanangu. Watu wamelala."

Dereva alimtazama, akatazama bwalo, akazungusha ufunguo. Uwanja mzima ukanyamaza.

Fundi akarudi, akaurudishia mlango kwa nje bila kuubamiza, akaweka mgongo wake pale. Nyuma ya mbao alisikia pumzi za watu, nzito, zikipanda na kushuka, na mabega yake yakashuka pamoja nazo bila yeye kuyaambia. Macho hakuyafumba. Aliyaelekeza ng'ambo ya uwanja, kwenye ofisi za maafisa, ambako pazia moja lilisogezwa kidogo, kisha likaachiwa.