Kigari Kilichokodishwa

Mwaka ule nilikuwa hoi. Wakimbizi walikuwa wamejaa kambi ya Lukole, kuni tulizifuata mbali, na vumbi la malori ya misaada liliingia hadi kwenye chungu cha maharage. Katikati ya taabu zote hizo, mume wangu Sostenes akakodisha gari letu.

Lilikuwa gari dogo la zamani, Fiati ya rangi ya maziwa yenye taa za mviringo. Alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Ukiliona unacheka, halafu unatamani kupanda. Basi mwanamke mmoja wa Kizungu, wa shirika la misaada pale Ngara mjini, akalipenda. Alisema amechoshwa na magari makubwa ya kazini, anataka kitu kizuri cha kuendea sokoni na kanisani. Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima, na katika muda huo sisi hata kuliazima hatukuruhusiwa. Sostenes alitia sahihi huku akitabasamu, akiwaza mabati ya nyumba. Mimi sikuulizwa.

Sasa, kwetu Bugarama mgonjwa hubebwa. Kila kaya hutoa mwanamume wa kubeba ingobyi, machela yetu ya kusuka, na asiyebeba wenzake habebewi mtu. Sostenes alipopata gari alijitoa kwenye zamu ya kubeba kwa makubaliano kwamba atatoa gari badala ya bega. Na alilitoa, simsingizii. Alikuwa akifungua kiti cha mbele kwa spana na kukitoa, mgonjwa analala amenyoosha miguu, safari hadi hospitali.

Lakini kulikodisha hakumwambia mtu. Mke wa jirani yetu Philbert aliposhikwa na uchungu, watu walikuja mbio kwetu wakakuta uwanja mtupu, wakambeba wenyewe. Sostenes angeweza kuwafuata akasaidie. Aliona haya, akajifungia ndani.

"Haya zako zitatutokea puani," nilimwambia. Akaninunia siku nzima.

Zikatutokea kweli. Mama yake, Eustakia, aliteleza kwenye migomba akavunjika paja. Nilikwenda mwenyewe kwa Bonaventura, mkubwa wa wabebaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Tecla. Gari limeharibika?" Alijua vizuri sana lilipo.

"Halipo. Mama mkwe amevunjika paja. Nimekuja kuomba."

Nilisimama pale kama mwizi.

"Eustakia tutambeba," alisema hatimaye. "Marehemu mumewe alibeba watu mpaka bega likaota sugu. Ila huyo mwanawe asiiguse machela."

Ndivyo tulivyoondoka. Wanaume walipokezana mabega, na Sostenes akafuata nyuma na blanketi mkononi, mtu mzima aliyekatazwa kumbeba mama yake. Nilikuwa na hasira naye, na nilimhurumia. Vyote viwili vinachosha.

Kwenye mlima wa kuingia mjini tukakutana na kigari chetu. Yule mwanamke alimtambua Sostenes, akasimama, akashuka.

"Pole! Pole sana! Mimi napeleka yeye hospitali."

Wabebaji waliitua machela, wakafuta jasho. Sostenes alikuwa ameshafungua mlango, anapapasa chini ya kiti ilipokaa spana yake siku zote. "Nisubirini kidogo tu," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. Hakuna aliyemsaidia. Bonaventura alitazama pembeni.

Nilijua mama akiingia humo, wanaume wale watarudi nyumbani, na ndiyo basi kati yetu na wao. Hata hivyo nilitaka aingie. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho.

"Sostenes," mama akaita. "Funga mlango."

"Mama, ni mara moja tu tunafika. Unaumia."

"Naumia, ndiyo. Huyu mgeni Mungu ambariki, lakini iko siku atarudi kwao. Nikifa, utamkodi nani anibebe?"

Sostenes alisimama na spana mkononi. Kisha akairudisha mahali pake, akafunga mlango polepole asije akaukwaruza. Nilimshukuru yule mwanamke, ambaye hakuelewa kitu, masikini.

Wakainua tena. Bonaventura akatoa bega lake chini ya machela. "Pita hapa," alisema.

Sostenes akaingia. Bega lilikuwa limesahau kazi, akainua vibaya, machela ikalala upande, na mama akapiga yowe mpaka nikaing'ata khanga yangu.

"Usikimbie," Bonaventura alimwambia, akimshika kiwiko. "Fuata mguu wa mwenzako."

Kigari kikatupita taratibu, kikapiga honi ya heshima. Sostenes hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imeanza kuchubuka na jasho lilimwingia machoni. Hospitali ilikuwa bado mbali, nami niliogopa asije akaomba kupokewa. Hakuomba.