Barua Iliyotiwa Plastiki

Minye Berthe, watu wa Likasi wananijua: foleni siipendi, na foleni ya mpakani hainipendi. Miaka kumi na miwili navuka kutoka Kongo kwenda Kitwe, Zambia, na vitenge vyangu, na kila safari nasimama juani nyuma ya muntu anayebishana na askari. Basi wifi yangu Estelle aliponipungia kadi yake ya bluu, ya mpango wanaouita Msafiri wa Kuaminiwa, wivu ulinishika, nasema kweli. Wenye kadi hiyo wana mlango wao peke yao.

"Mi napita tu, yaya," akaniambia, maana mimi ndiye dada mkubwa. "Nyinyi mubakie na jua yenu."

Jumatatu Danielle akapiga simu. Ni binti yangu, sina mwingine. Anakaa Kitwe na mimba yake ilikuwa imetimia. Daktari ameona mtoto amekaa kimkingamo, watampasua Ijumaa asubuhi. Bwana yake, Yannick, yuko kwenye mgodi wa mbali na wamemnyima ruhusa.

"Mama, niko na woga," akasema. "Ukuye. Banataka muntu wa familia, aweke saini na anishike mukono."

Nikamwambia mama yako hajafa, nitafika.

Pasipoti yangu ilikuwa nzima. Ningepanda basi Jumanne asubuhi, jioni ningekuwa napika jikoni kwake. Lakini Jumatano ndiyo siku niliyopangiwa kuhojiwa ofisini kwao hapa Likasi kwa ajili ya kadi ya bluu, na nilikuwa nimeisubiri miezi mitano. Nikajiambia: nihojiwe, nichukue kadi, nipite mpakani kama bibi harusi, bado Ijumaa haijafika. Musinicheke bado, ngojeni kwanza.

Mpango ule unataka kadi ya ukaaji ya upande wa pili. Ninayo, ya Zambia, tangu enzi za marehemu bwana yangu Constantin, aliyekuwa fundi wa kuchomelea kule. Iliisha mwezi wa tatu. Nilipoomba mpya, Wazambia wakanipa barua: kadi hii, ingawa tarehe yake imepita, imeongezewa miezi ishirini na minne, na ionyeshwe pamoja na barua hii. Nikafanya anachofanya kila mwenye akili hapa Likasi akipata karatasi ya maana. Niliipeleka kwa Stéphane, anayetia karatasi plastiki karibu na soko. Sisi tunatia plastiki cheti cha ubatizo, matokeo ya shule, hata risiti ya friji. Vumbi la migodi ya Kamatanda linakula kila kitu, na kinachobaki ni cha panya. Stéphane akaweka kadi mbele na barua nyuma, akazipitisha kwenye mashine, zikatoka kitu kimoja kinachong'aa. Nilikibusu mbele ya wateja wake.

Jumatano nikakaa mbele ya afisa mmoja mzee, Papa Benoît, shati jeupe, muhuri mezani.

"Mama, hii kadi ilikufa mwezi wa tatu."

"Geuza nyuma, papa. Ilifufuka."

Akageuza, akasoma kwa kidole. "Bon. Barua iko muzuri. Inabakia tu niipige muhuri huku chini."

Akapiga. Wino ukateleza juu ya plastiki. Akafuta kwa leso, akapiga tena kwa nguvu zaidi, na wino ukaishia kwenye mkono wa shati lake.

"Juu ya nini ulitia plastiki?"

"Isiharibike!"

"Sasa njo imeharibika. Toa."

"Nikitoa, maandishi yatatoka nayo. Muulize Stéphane."

Alifikiri, maskini, mpaka jasho likamtoka. Halafu uso ukachangamka. "Utaandika barua ya kueleza hii barua. Useme plastiki ni ya weye mwenyewe, hakuna muntu alikulazimisha. Chef, mukubwa wetu, atatia saini kesho."

Jioni Danielle akapiga. "Mama, uko wapi?"

"Nangoja kadi tu, binti yangu. Niko mlangoni kabisa."

Akasema sawa.

Alhamisi nikaleta barua ya kueleza barua. Chef alikuwa ameenda mkutanoni Mwadingusha. Basi la saa nne lilipita mbele ya ofisi, nililiona kwa macho yangu, na kiti cha dirishani kilikuwa wazi. Lakini kuacha kitu nusu, minye Berthe? Estelle anicheke mpaka Krismasi? Nilikaa kwenye benchi yao mpaka walipofunga.

Ijumaa saa tatu, saa ileile Danielle alipokuwa anaingizwa chumba cha kupasuliwa, chef akaja. Akasoma, akasema hajawahi kuona mama mwenye karatasi zilizopangika hivi, akatia saini. Nikanyoosha mkono.

"Mashine ya kadi haina umeme leo," akasema. "Lakini chukua hii barua. Inasema weye ni msafiri wa kuaminiwa kwa muda, wakati kadi inakuja." Akaipiga muhuri mara tatu kwa raha zake. "Usitie plastiki."

Alasiri nikafika mpakani, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa wenye kuaminiwa. Mlinzi akageuza barua huku na huku.

"Hapa tunapitisha kadi, mama. Barua hatupitishi. Enda kule na bantu wengine."

Bantu wengine walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu. Baada ya dakika ishirini pasipoti yangu ilikuwa imegongwa muhuri, na afisa wa dirishani hakuniuliza hata naenda wapi. Mawe, jamani! Nilitaka kuketi chini nijipige kofi.

Hospitalini Kitwe jua lilikuwa linazama. Nesi wa mlangoni akasema wodi ni ya ndugu tu, akatafuta jina langu kwenye daftari. Halikuwemo. Nikafungua mkoba, nikamtandazia pasipoti, plastiki, barua ya kueleza barua, na barua ya kuaminiwa yenye mihuri mitatu. Akazisoma zote kwa heshima.

"Mama, hizi zinasema unaweza kuvuka mpaka," akasema. "Hazisemi wewe ni mama wa nani."

Nikageuza pasipoti, nikatafuta jina la Danielle. Mlango ukafunguka, akatoka Bana Mutale, mama jirani wa Danielle, muuza nyanya, amebeba beseni la nguo za kufua. Akanitazama, akazitazama karatasi zangu.

"Ni mama yake," akamwambia nesi. "Mwache apite."

Nesi akasogea pembeni. Bana Mutale hakuombwa karatasi yoyote. Yeye ndiye aliyeweka saini asubuhi, yeye ndiye aliyemshika mkono.

Danielle alikuwa amelala chali, midomo imekauka, mtoto wa kike kifuani. Sikujua nianze na pole au na hongera. Binti yangu akaniangalia, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mama," akasema taratibu, "kadi uliipata?"

Nikamwambia bado.